Fomatia Tu

Nimeitazama ile video mara tisa kabla haijapotea, kwa hiyo naweza kuisimulia. Dada yangu Maryam ameketi kaunta, anachapa barua ya mteja. Jirani yetu aitwaye Muindi, muuza mbao wa mlango wa pili, anaingia na kipande cha mbao, inchi mbili kwa nne, urefu wa mkono. Anasema jambo. Maryam anatikisa kichwa, kama alivyotikisa mara zote tatu Muindi alipomposa. Pigo la kwanza linampata mdomoni. La pili analikinga kwa mkono wa kushoto. Kamera yetu haina sauti, lakini mfupa ukivunjika unauona. Halafu Maryam yuko chini nyuma ya kaunta, na kinachoonekana ni mgongo wa Muindi tu, na mbao ikipanda na kushuka.

Siku hiyo ya Jumanne mimi nilikuwa Wamunyu kutengeneza printa. Nilimkuta hospitalini, mkono umefungwa plasta, meno matatu hayapo.

Naitwa Nurudin. Duka ni langu, hapa Machakos mjini: kuchapa, kuskani, picha za pasipoti. Mashine zangu zote zinatumia Linux, kwa sababu Windows za mji huu zina virusi vingi kuliko choo cha stendi, na kila mteja anayeniletea flashi nimemtukana, walau kimoyomoyo. Nina hasira za karibu, sikatai. Marehemu mama alikuwa akiniambia hasira hasara, nami nikimjibu kwamba upole nao haujawahi kumlisha mtu.

Afisa aliyepewa kesi, Ndolo, aliniambia wazi: Muindi ana mashahidi wawili wanaoapa kwamba Jumanne alikuwa Kithyoko, si hapa mjini. "Usiponiletea kitu kufikia Jumatatu, huyo mtu siwezi kumshika."

Alhamisi asubuhi nikaihamishia ile video kwenye flashi nyekundu. Kabla ya hapo niliifomati flashi kwa mfumo wa Linux wenyewe, makusudi mazima. Flashi ya namna hiyo ukiichomeka kwenye Windows, Windows haisomi kitu. Inakwambia tu kwamba diski inahitaji kufomatiwa, yaani kufutwa kila kitu na kuandaliwa upya, kabla ya kutumika. Mwizi ataona flashi mbovu aitupe. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Na ujanja ulifanya kazi. Saa sita mchana Muindi aliingia na vijana wawili na nyundo ya kuvunjia mawe. Walianza na mashine ya kurekodia ya kamera, wakaipiga mpaka vyuma vya ndani vikatoka kama matumbo ya kuku. Kisha kompyuta moja moja. Kisha mimi.

"Mtoto wa Abdalla, video iko wapi?"

"Hakuna video."

Aliniwekea kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya kaunta, akashusha nyundo. Nilisikia sauti ya mtu akilia kama mbuzi, nikajua ni mimi. Kijana mmoja akanipekua, akaipata flashi kwenye soksi. Muindi akaichomeka kwenye laptopu aliyokuja nayo, akasoma kwa kunyanyua midomo.

"Ati ifomatiwe kwanza. Hii imekufa." Akanirushia usoni. "Kaa nayo, ufe nayo."

Wakanipiga mateke ya mbavu wakaenda. Nililala sakafuni nikicheka na damu mdomoni, kwa furaha kabisa.

Ijumaa sikuweza kusimama. Nikampa flashi Maryam, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini. "Mpelekee Ndolo. Mwambie iko ndani."

"Basi?"

"Basi."

Sikumwambia zaidi. Ningemweleza nini msichana anayeita kompyuta nzima "skrini"? Mbavu ziliniuma, na subira ya kufundisha sijawahi kuwa nayo. Alirudi akasema ameikabidhi, nikalala.

Jumatatu nilijikokota hadi kituoni. Ndolo alikuwa anatia chai sukari.

"Kijana, ile flash yako ilikuwa tupu. Nimeitumia kubeba nyimbo za kwaya yetu, usijali, nitakurudishia." Akanionyesha. Video sitini za kwaya, imejaa hadi ukingoni. Kama asingejaza nyimbo juu yake ningeweza kuokoa hata vipande vya video yetu. Sasa palikuwa na akina mama wa sare ya zambarau wakiyumba mahali alipoangushwa dada yangu.

"Nani alikwambia uifomati?"

"Si nilimuuliza huyo msichana wako? Nikamwambia, inasema ifomatiwe, nifomatie? Akasema fomatia tu."

Muindi alikuwa mlangoni kwa duka lake niliporudi, anapima ubao kwa futi. Alinisalimia. Maryam alikuwa ndani, anafagia vioo kwa mkono mmoja.

"Ulimwambia afomati?"

"Eeh, Kaka." Akatabasamu kwa lile pengo la meno, kama mtu anayengoja kusifiwa. "Nilimwambia aifomati vizuri. Nilitaka ifike kortini ikiwa nadhifu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Dukani kwetu wateja wote husema hivyo: nifomatie barua, nifomatie CV. Maana yake panga mistari, weka kichwa cha habari katikati, ipendeze. Kazi hiyo Maryam aliifanya miaka minne na hakuna aliyemshinda mji mzima. Aliulizwa neno la kazi yake, akalijibu.

Nilielewa yote hayo, na bado mkono ulikwenda. Nilimpiga kofi la mdomoni, palepale penye pengo, kwa nguvu zangu zote. Alianguka nyuma ya kaunta. Nikainua mkono tena, naye akainua plasta kujikinga, vilevile, pembe ileile niliyoitazama mara tisa.

Mkono wangu ukabaki hewani. Nje, Muindi alikuwa ameacha kupima. Aliona yote kupitia dirisha lisilo na kioo.

Maryam alifuta damu kwa mtandio, akanitazama kutoka chini. Hakulia.

"Kaka," alisema, "na hii utaiweka kwa flashi gani?"