Njia ya Mkato ya Mama Mkwe

Bega alikuwa amehamisha vyombo vya nusu ya jiji. Jina hilo alipewa na wenzake wa kampuni ya kuhamisha samani, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kubeba mafriji ya watu, na hata mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alimwita hivyo hivyo. Aliyekuwa hamwiti Bega, wala hamwiti jina lolote, alikuwa mtu mmoja tu: mama mkwe wake.

Chanzo kilikuwa kabati. Kabla ya ndoa mama mkwe alihama nyumba, na kijana mchumba akajitolea kumhamishia vyombo bure ili aonekane mtu wa maana. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya kabati la vyombo, la mbao nzito, zawadi ya marehemu mumewe. Likagoma kuingia mlangoni. Bega akaligeuza, akalilaza, akalisimamisha tena, jasho likamtoka. Kisha, mwenye mali akiwa jikoni anamchemshia chai, akachukua msumeno akalikata miguu. Kabati likaingia bila shida. Mama mkwe akatoka na sinia la chai, akalitazama kabati lake lililochuchumaa sebuleni, halafu akarudi jikoni na sinia lake.

Tangu hapo hakumsemesha. Si kwamba alimchukia. Ndoa aliibariki, na Bega alipougua alimletea matunda na kukaa kando ya kitanda chake. Ila maneno yote yalipitia kwa binti.

"Mwambie mumeo anakoroma kitini."

"Mwambie mama sikuwa nakoroma, nilikuwa nawaza."

Na hapo wote watatu wamekaa meza moja.

Likizo ilikuwa wazo la muuguzi. Kwa miaka alikuwa akiyatazama magofu ya mji wa kale kwenye kalenda ya ukutani kazini kwake, akajiapiza kwamba siku moja atayaona kwa macho. Akapata hoteli ndogo karibu na magofu hayo, akachukua vyumba viwili, akawafungasha mume na mama. Asubuhi ya kwanza akateleza kwenye ngazi za hoteli zilizotoka kupigwa deki. Akajikagua mguu mwenyewe kwa macho ya kazini, akatangaza kwamba haukuvunjika, umeteguka tu, akajifunga bendeji na kurudi kitandani.

"Basi tunakaa wote," Bega alisema.

"Mkae mnifanyie nini? Tiketi zimeshakatwa na gari la hoteli linangoja nje. Nendeni ninyi wawili, mje mnisimulie."

Mama mkwe akakohoa kidogo. "Mwanangu, hebu mwambie mumeo…"

"Mwambie mwenyewe, mama. Mimi mguu unaniuma."

Ndani ya gari mama mkwe alikaa mbele na dereva, Bega akakaa kiti cha nyuma kabisa. Dereva alidhani hawajuani.

Getini walipokewa na mtembeza wageni, msichana mrefu aliyebeba mwavuli wa njano ili watu wake wasimpoteze. Kundi halikuwa kubwa: mzee mmoja na mkewe wenye kamera ya kuning'inia shingoni, walimu wachache wa sekondari, na bwana mnene ambaye swali lake la kwanza lilikuwa choo kiko wapi. Mtembeza wageni akaanza kueleza jinsi mji ulivyostawi, biashara ilivyofanyika, na jinsi watu walivyouhama mpaka ukabaki kuta na popo.

"Binti, samahani," mama mkwe alimkatiza. "Mwambie huyo bwana wa shati la buluu avae kofia. Jua litampasua kichwa."

Msichana akamtazama Bega, ambaye alikuwa amesimama umbali wa mkono kutoka kwa mama huyo. "Kaka, mama anasema…"

"Nimesikia. Mwambie ahsante, kofia nimeisahau hotelini."

"Mama, kaka anasema…"

"Mwambie nilijua."

Na ndivyo ilivyokwenda. Kutoka getini hadi kwenye gofu la soko msichana wa watu alipeleka na kuleta habari za kofia, za kamba za viatu zilizofunguka, za maji ya kunywa, na mjadala mrefu kama ni adabu kuegemea ukuta wa marehemu. Historia akaisimulia katikati, kwa vipande. Walipofika kwenye kisima kikuu akafunga mwavuli wake.

"Wazee wangu," alisema kwa upole uliomgharimu, "mimi nimeajiriwa kueleza habari za waliokufa. Za walio hai mtanisamehe."

Bwana mnene akacheka kwa sauti. Mama mkwe akanuna. Kundi lilipoendelea mbele, yeye akaingia kwenye gofu la nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutoka kwenye nyumba ya watu bila kuliona jiko. Alikagua vidaka vya ukutani, akapapasa kizingiti kama kina vumbi, akaguna alipoona jiko limeelekezwa upande wa vyumba vya kulala. Bega akabaki naye. Angefanya nini? Akirudi hotelini bila mama wa mkewe, angemweleza nani akamwelewa?

Walipotoka, mwavuli wa njano haukuonekana. Wakafuata kichochoro, kikawarudisha kwenye jiko lile lile. Wakafuata kingine, kikaishia ukutani. Mama mkwe akasimama, akafungua mkoba wake mkubwa alioutundika begani, akasema akiuchungulia ndani: "Laiti ningekuwa nimefuatana na mtu anayejua njia."

Bega akaugeukia ukuta. "Na mimi laiti ningefuatana na mtu asiyekagua majiko."

Wakati huo huo sauti ya mtembeza wageni ikasikika upande wa pili, karibu kabisa. Kati ya kuta mbili palikuwa na upenyo, na mwisho wa upenyo huo mwanga wa jua. Mama mkwe akautazama kama mtu aliyeona basi lake likiondoka. Bega naye akautazama, na jicho lake la kazi likampa jibu mara moja. Tatizo lilikuwa jinsi ya kulifikisha.

"Wewe ukuta," aliuambia ukuta, "hapo hapapitiki."

"Ukuta haujaulizwa," alisema mama mkwe, akaingia.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita kwa kubishana. Ilipofika zamu ya nyonga, mji wa kale ukamshika, na hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Bega akasubiri. Mama mkwe naye akasubiri, maana hakutaka kuwa wa kwanza. Mjusi akatoka kwenye ufa, akawatazama, akarudi zake.

"Vuta," mama mkwe akasema hatimaye.

Bega aligeuka nyuma kuangalia anayeambiwa. "Mimi?"

"Kuna mwingine?"

"Nivute wapi, mama?"

Swali lile likakaa hewani, kila mmoja akilitafakari kwa upande wake.

"Mkono, baba," alisema mama mkwe. "Mkono."

Akaurudisha mkono nyuma, Bega akaushika kwa ncha za vidole kama anayeshika yai, akavuta. Changarawe zikaporomoka. "Acha, acha, utaubomoa mji wa watu."

Basi Bega akachuchumaa, akakunja mikono ya shati, akapitisha jicho juu na chini. Hofu ya ukwe ikamtoka. Alikuwa kazini.

"Mama, sikiliza. Aliyekwama si wewe, ni mkoba."

"Eh, si nilijua," alisema mama mkwe, na sauti ikachangamka. "Mimi sijanenepa."

Bega alijua fika kwamba si mkoba peke yake. Lakini katika kazi yao mteja haambiwi kitanda chake ni kikubwa; anaambiwa mlango ni mdogo. "Milango ya zamani ilikuwa myembamba sana," aliongeza, akautoa mkoba kwa kuupitisha juu ya kichwa cha mwenyewe. "Sasa toa pumzi yote. Tanguliza bega la kushoto, kiuno kifuate taratibu. Usisukume. Ukisukuma unajaa."

"Umeshawafanyia watu wangapi hivi?"

"Watu, bado. Nimefanyia masofa."

"Sofa la ukubwa gani?"

Bega hakuwahi kufikiri kwa makini hivyo tangu siku ya kuposa.

"La mtu mmoja, mama."

Upenyo ukaanza kutoa mlio. Bega akashtuka, akadhani mama wa watu analia, na angemwambia nini mkewe? Kisha akauona mgongo ukitikisika, akaelewa kwamba anacheka, na kwa kucheka anazidi kukwama.

"Usinichekeshe, najaa," alisema mama mkwe akitafuta pumzi. "Na usithubutu kwenda kutafuta msumeno."

Msumeno haukuwa umetajwa kati yao tangu siku ile. Bega akajikuna kichwa. "Nilitaka unione hodari, mama."

"Nilikuona. Haya, nielekeze, bega la wapi?"

Upande wa pili mwavuli wa njano ulikuwa unakaribia. "Na hapa," mtembeza wageni alikuwa akieleza, "palikuwa na njia ya siri ya…" Uso wa mama wa makamo ulikuwa umechomoza ukutani. Mzee wa kamera akaiinua taratibu.

"Ukipiga," mama mkwe alimwambia, "nitakutafuta mpaka kwako."

Kamera ikashuka. Bwana mnene akapenya mbele ya wenzake kuuliza kama choo kiko huko anakotoka.

"Toa pumzi," Bega aliagiza kutoka nyuma. "Sasa."

Mama mkwe akafyatuka, akatua mikononi mwa mtembeza wageni, kifungo kimoja na kiatu kimoja vikibaki njiani. Bega akabaki upande wake na mkoba, nyuma ya ukuta.

Msichana akamketisha mama kwenye jiwe, akampepea kwa kofia yake, akavuta pumzi kama mtu anayerudi zamu. "Mama, nimwambie nini kaka?"

"Hapana, pumzika. Nitamwambia mwenyewe." Akainua kichwa. "Wewe Bega! Zunguka kwa kule kisimani, uje na kiatu changu, na usifungue mkoba."

Kuanzia hapo hakunyamaza. Garini alikaa pembeni ya Bega, akamtolea yote aliyoyaweka kwa miaka: kukoroma, mashati asiyochomekea, namna anavyokaanga vitunguu mpaka vinaungua, simu yake inayolia wakati wa kula. Bega akajibu moja moja, na aliposhindwa kujibu akaleta ya kwake. Dereva, ambaye asubuhi alidhani hawajuani, akaongeza sauti ya redio.

Muuguzi aliwasikia tangu ukumbini, akafikiri ni wageni wa chumba cha jirani wanaogombana. Wakaingia wamejaa vumbi.

"Mmeona nini huko?"

"Mkoba wangu ulikwama," mama mkwe alisema.

"Ulikwama kweli," Bega alithibitisha.

Muuguzi akautazama mkoba, uliokuwa safi, kisha nyonga za mamake zilizopakwa chokaa pande zote mbili. Akafungua kinywa, lakini wenzake walikuwa wameshaingia kwenye ubishi wa jiko la tajiri, kama lilikuwa na tundu la moshi au halikuwa nalo, na hapakuwa na mwanya wa mtu wa tatu kuingiza neno.

Kesho yake wawili hao wakaondoka tena mapema kwenda kuhakikisha. Muuguzi aliwasikia chini ya dirisha wakivutana juu ya nani akae karibu na kioo. Gari likaondoka. Akajifunika shuka, akalala mpaka mchana, wala hakuna aliyemwamsha amwambie mtu jambo.