Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumanne asubuhi, Yudith na jirani yake Mwamvua walikaa juu ya magunia kule Tindiga, wakichambua mahindi mabichi ya kupeleka Mikumi. Huko huchomwa, na abiria wa mabasi hukabidhiwa hindi likiwa limefungwa kwenye ganda lake. Mwamvua alipomenya hindi la tatu kuonja ukomavu, ganda la ndani lilikuwa limepigwa chapa, mistari imebanana.

"Yudith we, hindi lako lina maandishi."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi ni wangu."

Wakamenya mengine. Yote yalikuwa na ukurasa huohuo, na sahihi ya kanali chini yake.

Yudith alikuwa mpiga chapa wa mahakama ya kijeshi kwa miaka ishirini na miwili. Aliandika kila neno la shahidi, mwenyekiti, ambaye ni kanali, akasaini kila ukurasa, kisha jalada likapelekwa kwa mkubwa wa kuthibitisha hukumu. Mkubwa huyo hakai mahakamani. Haoni jasho la mtu wala hasikii sauti yake. Husoma karatasi tu, na kisichokuwemo kwenye karatasi, kwake hakikutokea.

Miaka kumi na tisa nyuma, Koplo Beda alishtakiwa kwa kuacha lindo. Sajini Lazaro akaapa, akasema koplo aliondoka kwa amri ya meja, kwenda kuziba pancha ya gari la meja. Jioni kanali akamwambia Yudith, "Huo ukurasa uchome." Yudith alimwogopa kanali, ila kuchoma karatasi yenye sahihi aliogopa zaidi. Akauficha kwenye soksi, akaja nao likizo Tindiga, akaufukia kwenye kona ya shamba. Jalada likaenda kwa mkubwa likiruka kutoka arobaini hadi arobaini na mbili. Beda akafukuzwa jeshi. Tangu hapo anaziba pancha Mikumi, kando ya barabara kuu. Kona ile haikulimwa hadi mwaka huu, trekta la kukodi lilipoipitia bila kuuliza.

"Sasa utayauza haya?" Mwamvua akauliza.

"Mahindi ni mahindi."

"Na Beda akisoma?"

"Ndicho ninachotaka. Nimechelewa mno, mwenzangu."

Abiria walisoma, wakala. Aliyelalamika ni dereva mmoja wa lori, aliyetaka kujua ukurasa wa arobaini na mbili unauzwa wapi. Wiki haikuisha, madereva wote wa njia ile wakawa wanapiga honi kwenye kibanda cha Beda.

"Koplo! Huna kosa!"

"Najua! Leta tairi!"

Yudith alipeleka mahindi matatu kwenye masjala ya jeshi. Karani, binti aitwaye Vaileth, akamwamkia shikamoo, akalinganisha sahihi.

"Ni wenyewe, bibi. Lakini jalada limefungwa. Ukurasa ukirudi baada ya hukumu kuthibitishwa, tunaupokea, hatuusomi."

Akapiga muhuri kwenye ganda, akalitoboa matundu mawili, akalifungulia jalada lake peke yake.

Yudith akateremkia Mikumi. "Beda, ukurasa wako niliufukia mimi."

Beda akaweka tairi chini. "Uliandika kila neno?"

"Kila neno."

"Hata Lazaro alivyokohoa?"

"Niliandika: shahidi anakohoa."

Beda akacheka mpaka akashika mbavu, akamvutia kigoda.

Hapo lori la jeshi likasimama, tairi la nyuma halina upepo. Askari kumi na wawili wakashuka wakitafuna mahindi, kila mmoja na ganda lake. Luteni akasoma mpaka kwenye sahihi, akalikunja ganda, akalitia mfukoni. Luteni haanzi kumpigia koplo saluti, lakini huyu alisimama wima, akampigia. Askari wote wakafuata. Kwenye madirisha ya mabasi mawili watu wakapiga makofi na vigelegele. Beda, chuma cha kuvulia tairi kikiwa mkono wa kushoto, akaijibu saluti kwa mkono wa kulia, kifua mbele, macho makavu.

Kisha akaziba pancha. Kule masjala jalada lilikuwa bado linasema ana hatia, na lori likaondoka kuelekea hukohuko, likipiga honi hadi lilipopotea kwenye kona.