Mkeka wa Guracha

Darmi binti Guyo hakuwahi kuuona mto Tana kutoka katikati yake. Alikuwa ameuvuka tangu angali mgongoni mwa mama yake, akauvuka akiwa mwari, akauvuka akiwa mjane, na sasa ana wajukuu. Lakini kila alipotia mguu mtumbwini, mvushaji alimketisha chini kabisa na kumfunika mkeka gubigubi, na safari yote ikawa harufu ya ukindu na mlio wa maji ubavuni. Ndivyo walivyovushwa watu wote wa ukoo wa Guracha, wakubwa kwa wadogo. Wengine walikaa wakachomwa na jua. Wao walifunikwa, na nauli hawakudaiwa. "Heshima hii hapewi kila mtu," marehemu baba yake alikuwa akisema, huku akipangusa vumbi la mkeka mabegani, na Darmi aliyameza maneno hayo na maziwa ya utoto wake.

Mahali penyewe paliitwa Malka Guracha. Malka ni ile njia pana ya ng'ombe inayoteremka mtoni kunywa maji, na kila malka ina mwenyewe. Hii ilikuwa ya babu yake, na sababu yake kila mtoto wa ukoo aliijua kabla ya kujua kufunga kibuyu. Wavamizi walipochoma maboma, Guracha, kijana mwenye mkuki mmoja, alijitosa mtoni akiwa ameshika pembe za fahali, mamba huku na mamba kule, na kundi zima likamfuata hadi ng'ambo. Hapo ndipo ukoo ulipopona. Darmi alikuwa ameisimulia habari hiyo mara zisizo na idadi. Mume alikuwa amekufa, ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, na kwa kweli hakuwa na mali nyingine ya kujivunia.

Basi mwaka wa 1956, Chama cha Habari za Kale kilipoamua kusimamisha nguzo ya mti mgumu kwenye kila malka kuanzia Minjila kupanda juu, nani mwingine angekuwa wa kwanza kuinua mkono? Chama hicho kilikutana Garsen, barazani kwa duka la Bishar, nacho kilikuwa na wafugaji na wakulima waliokuwa wakigombana kuhusu mambo ya kale kwa ari ambayo hawakuwa nayo kwa mambo ya leo. Wanaume walikuwa wamenung'unika Darmi alipojiunga. Walinyamaza walipogundua kwamba yeye ndiye pekee aliyezijua malka zote kwa majina. Mto ulikuwa ukihama, mashamba yakisogea, wakongwe wakizikwa. Nguzo zilitakiwa zisimame kabla ya mvua. Sharti lilikuwa moja tu: habari isiyojulikana kwenye kingo zote mbili haiandikwi.

"Mama Darmi, mimi nimeuliza ng'ambo," alisema Philemon, mwalimu mstaafu wa Kulesa aliyekuwa mwenyekiti. "Malka Guracha hawaijui. Wao wanapaita Mkekani."

"Mkekani! Kwa kuwa wanasuka mikeka?"

"Hawasuki hata mmoja. Mikeka yao wananunua hapa kwa Bishar."

Baraza zima likaangua kicheko, na Bishar mwenyewe, aliyekuwa akimimina chai, akacheka kuliko wote. Darmi alihisi masikio yakiwaka moto.

"Lete mtu mmoja wa ng'ambo anayeijua habari ya Guracha," Philemon aliendelea kwa upole. "Mmoja tu. Ukimkosa, nguzo itaandikwa Mkekani."

"Nitampata," Darmi alisema, akasimama na kujitanda leso yake. "Na nikimpata, Mwalimu, shimo la nguzo hiyo utalichimba wewe, kwa mikono yako."

Asubuhi ya pili alikuwa malkani. Mvushaji, jina lake Iha, alimfunika mkeka kama kawaida, akaanza kusukuma kwa upondo.

"Iha," Darmi aliita kutoka chini ya mkeka, "kwa nini mnatufunika?"

Upondo ulikawia kidogo kuingia majini. "Nilimkuta baba yangu akifanya hivyo."

"Naye alimkuta nani?"

"Ah, mimi ni mtu wa mtumbwi tu. Muulize mama."

Mama Iha alikuwa kikongwe mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa amekaa nje akipasua samaki wa kukausha, na hakuacha kazi yake. Alipoelezwa kilichomleta mgeni, na ile heshima ya mkeka, alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Heshima? Nyinyi mlidhani ni heshima? Maskini! Mwanangu, yule Guracha wenu alikuwa mtoto. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, hayajaota mengine. Mama yangu, Habwoya, alimkuta ukingoni amemkumbatia fahali shingoni, moto nyuma yake, wavamizi wakiteremka. Alimtupa ndani ya mtumbwi, akamfunika mkeka, akamfunga fahali kwa kamba nyuma ya mtumbwi. Ng'ombe waliobaki wakamfuata fahali wao. Wale watu walipofika ukingoni ng'ombe walikuwa wametoka mbali, wakaona mwanamke mkulima amebeba mkeka, basi; mwenye ng'ombe hawakumwona. Mama akawa anamwambia, 'Usitoe kichwa. Usitoe kichwa.' Ndivyo walivyovuka."

Darmi alitaka kusema huo ni uongo. Lakini aliwakumbuka wanaume wote wa ukoo wake, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

"Ikawaje baadaye?"

"Alikaa kwetu mpaka akaota ndevu. Alikula tulichokula. Ndizi, mpunga." Mama Iha aliokota kisu chake, akakielekeza kwenye sinia. "Na hawa. Alikuwa akivipenda sana vichwa."

Samaki! Mwenye ng'ombe hali samaki. Darmi mwenyewe alikuwa hajawahi kumtia kinywani. Aliona aibu, kisha akaona hasira, na hasira hiyo hakujua amwelekezee nani. "Miaka yote hii mnatufunika na hamsemi?"

"Mliuliza lini?" alisema Mama Iha, na sasa hakuwa akicheka. "Guracha alipoondoka alimwomba mama: watu wangu wakivuka, wafunike, nami nijue bado unatukumbuka. Tukafunika. Nyinyi mkashuka mmenyoosha shingo. Tukasema, waacheni, inawafurahisha. Lakini mama yangu alikufa, na ng'ambo yenu hakuna aliyewahi kulitaja jina lake."

Darmi alivuka kurudi chini ya mkeka uleule. Jioni alimwendea mdogo wake, Jatani, zizini, akamweleza yote bila kupunguza. Jatani alisikiliza akiwa ameshika mkia wa ndama.

"Samaki?" ndilo neno alilolitoa kwanza.

"Samaki."

"Dada, nakuomba. Sema hukupata mtu. Waandike Mkekani, waandike wapendavyo. Lakini ukisimama mbele ya watu useme babu yetu alivushwa akilia chini ya mkeka wa mwanamke, akalishwa vichwa vya samaki, utakuwa umetuvua nguo mchana kweupe. Wanangu wataoa wapi?"

"Na aliyepiga upondo? Yeye hana jina?"

"Ana watu wake wa kumtaja."

"Sisi ndio watu wake, Jatani! Bila yeye mimi na wewe tungetoka wapi?"

Jatani alimwachia ndama, akaenda zake bila kuaga. Darmi alibaki zizini akilia, kwa sababu alimpenda babu yule mwenye mkuki, na ilimuuma kumzika. Alimlilia mpaka akatosheka. Kisha akafuta uso, na kulipokucha akashika njia ya Garsen kwa Karisa seremala, aliyekuwa akichoma herufi kwenye nguzo kwa chuma cha moto. Karisa alilalama kwamba nguzo iliyoandikwa upande mmoja ilimtosha mtu yeyote mwenye akili. Darmi aliketi juu ya gogo akasema hataondoka. Hakuondoka.

Siku ya kusimamisha nguzo, kingo zote mbili zilijaa watu. Philemon alichimba shimo mwenyewe, fulana imemganda mgongoni, na Bishar akimhesabia mapigo ya jembe kwa sauti ili kumkera. Nguzo iliposimama, upande wa nchi kavu ulisoma MALKA GURACHA, na upande wa maji, MKEKANI. Darmi alisimama kati ya nguzo na mto akasimulia. Alimtaja Habwoya kwa sauti iliyofika ng'ambo. Aliitaja kamba na fahali. Alipofika kwenye samaki, mzee mmoja wa ukoo aliinuka akaondoka, na vijana wawili wakamfuata. Darmi hakuruka neno. Jatani alikuwa amesimama mbali, juu kabisa ya malka, fimbo mabegani, na haikujulikana kama alikuwa akisikia.

Baadaye wanachama walialikwa ng'ambo kula wali. Darmi aliteremka mtumbwini. Iha alisimama na mkeka mkononi, hajui la kufanya nao.

"Leo niache nione," Darmi alimwambia.

Walikuwa karibu kuondoka pale Jatani aliposhuka ukingoni. Hakumsalimu mtu. Aliingia, akakaa chini kabisa, magoti kifuani, akatazama mbele.

"Unangoja nini?" alimuuliza Iha. "Mimi si mjukuu wa Guracha? Nifunike."

Iha alimfunika, akazamisha upondo, na mtumbwi ukatoka. Darmi alikaa wima, jua usoni. Mto ulikuwa mpana kuliko alivyodhani, wa rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa ukienda kasi ya kutisha. Alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja peke yake, aliwaza, na fahali nyuma.

"Dada," sauti ilitoka chini ya mkeka.

"Naam."

"Tumefika wapi?"

Darmi alitazama nyuma ilipo nguzo, akatazama mbele alikosimama Mama Iha.

"Katikati," alisema. "Usitoe kichwa."