Mgawo wa Kifafa

Sifa zote njema ni za Mola aliyeuweka ubongo ndani ya mfupa mgumu kama amana ndani ya sanduku, akalifunga, na ufunguo akabaki nao Mwenyewe. Rehema Zake ziwafikie wanaoibeba amana hiyo kwa raha na wanaoibeba kwa taabu.

Asubuhi ya kikao, katika kituo cha wagonjwa ambao kifafa chao kimeshinda vidonge, watu wa jopo waliketi kwa utaratibu wao wa siku zote. Mwanzo wa meza aliketi daktari bingwa wa ubongo, mwanamke wa makamo asiyetulia kitini, mwenye kuizungusha pete yake hata ngozi ya kidole ikachubuka. Kuliani kwake, mpasuaji, mtu wa maneno machache. Kushotoni, mwanasaikolojia, ambaye hupima kumbukumbu na maneno. Kisha fundi wa mashine ya mawimbi ya ubongo, abandikaye nyaya vichwani kwa gundi. Kisha sista mkuu wa wodi. Na mwisho, karibu na mlango, bibi wa ustawi wa jamii, ambaye huulizwa mwisho na huombwa afupishe.

Mgonjwa alikuwa mshonaji wa nguo, mama wa mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Aliingia na wifi yake, dada wa mumewe. Daktari alimweleza kwamba atalazwa, vidonge vitapunguzwa kidogo kidogo, na kifafa kikija nyaya zikiwa kichwani mwake, mashine itaonyesha kinapoanzia. Kikionekana, mpasuaji atapaondoa mahali hapo. Kisipoonekana, atarudi nyumbani kama alivyokuja.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" aliuliza bibi wa ustawi wa jamii.

"Nimbebe mwanangu nimesimama," alisema mshonaji. Tangu kujifungua, mama mkwe alikuwa ameamuru aketishwe chini kwanza, ndipo mtoto awekwe mapajani mwake, na mtu asimame karibu.

"Msimpe moyo sana, dokta," alisema wifi. "Huyu hata sufuria ya maji hatumwachii. Jikoni kwetu anaruhusiwa kuonja tu."

"Na wewe unaruhusiwa kupika," alijibu mshonaji, "ndiyo maana nyumba nzima tumekonda."

Walipotoka, daktari alisema maneno aliyozoea kusema kwa kila mgonjwa: "Haya, tugawane. Kila mmoja achukue sehemu inayomhusu." Ndivyo walivyofanya kazi katika kituo hicho, mgonjwa hakuchukuliwa mzima na mtu yeyote.

Kifafa kilikuja wakati wa chai ya asubuhi, vidonge vilipokwisha kupunguzwa vya kutosha, kikaufuata mgawo kama ulivyopangwa. Daktari alipata hofu, ile ipandayo kutoka tumboni kama maji baridi bila ya kuwapo cha kuogopwa. Mkono wa kushoto wa mpasuaji ulianza kuvichokoa vifungo vya koti lake ukakataa kuacha. Mwanasaikolojia alipotewa na majina ya vitu, akawa anaelekeza kikombe na kusema, "Hicho, hicho cha... hicho." Fundi aliukodolea macho ukuta, asisikie akiitwa, alipozindukana aliuliza nani amemnywea chai yake. Sista alipata kuanguka, akagonga bega kwenye kitoroli cha dawa. Bibi wa ustawi wa jamii alipata kile kijacho mwisho, yaani majimaji na aibu. Alijifunga shuka kiunoni, akaomba asitazamwe.

Kitandani, nyaya zikiwa kichwani, mshonaji alikuwa akipinda ukingo wa kofia ya mtoto. Aliukata uzi kwa meno. Mistari ya mashine ilikwenda taratibu.

"Kimekuja?" aliuliza mpasuaji, ameukamata mkono wake kwa mkono wa pili.

"Kimekuja," alisema daktari. "Si kwake."

Kilikuja tena kesho yake, na siku zilizofuata, kwa mgawo ule ule. Sista alitandika magodoro katika chumba cha kikao, akawaonyesha wenzake namna ya kulaza mtu ubavu. Fundi aliwabandika wote nyaya, na mwisho akambembeleza sista ambandike yeye. Mashine iliandika kila kichwa na kipande chake; vipande vilipowekwa pamoja vikafanya shambulio moja kamili, linaloanzia ndani ya panja la kushoto. Mpasuaji aliweka kidole hapo kwenye picha, na hakuna aliyebishana naye.

Daktari aliipeleka kazi hiyo kwa mwenyekiti wa kamati ya upasuaji, profesa aliyekuwa mpole kwa watu wote. Daktari alikataa kiti.

"Mimi mwenyewe nimekipata kifafa chake, Profesa. Ninajua kinapoanzia kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu."

"Sina shaka nawe, dokta. Tatizo ni kwamba yeye hajakipata."

"Anakipata kwao."

"Kwao hakuna mashine. Kichwa tutakachokipasua ndicho kinachotakiwa kuandikwa. Na kuna wanaoanguka kweli, wanakingoja kitanda hicho."

Daktari alishuka ngazi, akapanda tena, akashuka. Hofu ya shambulio la mwisho ilikuwa haijamtoka. Tangu siku ya kwanza ilikaa tumboni mwake kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Alimkuta mshonaji dirishani.

"Dokta, nimeambiwa humu ndani mimi sianguki."

"Humu huanguki."

"Mnaanguka nyinyi."

"Tunaanguka sisi."

Mshonaji alifikiri kidogo. "Basi niletewe mwanangu."

Wifi alikuja naye mchana, akasimama mlangoni amemkumbatia. "Kaa kwanza nikupakatishe. Mama amekataza, unajua."

"Leo kaa wewe, wifi. Umesimama sana."

"Mpe," alisema daktari, akaondoka kwa haraka kuelekea chumba cha kikao, kwa kuwa maji baridi yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda.

Fundi alikuwa amezibandua nyaya. Mshonaji alimpokea mtoto, akamweka begani, akamtembeza ukumbini mwa wodi kwa urefu wake wote, akimwonyesha milango na mabomba. Nyuma ya mlango uliofungwa jopo lilikuwa likianguka, kila mmoja kwa fungu lake, na kitoroli kilipopinduka mtoto alicheka. Wifi alifuata nyuma amenyoosha mikono, tayari kudaka, mpaka mikono ikachoka akaishusha.

"Mbona unamweza?"

"Wangu huyu, wifi. Nimweze nani, mwenyekiti wa mtaa?"

Alimbeba hivyo kila alasiri, hata kitanda kikahitajiwa. Siku ya kumruhusu, daktari aliandika kwamba hakuna shambulio lililoonekana kwa mgonjwa, akaongeza vidonge.

"Na nyumbani itakuwaje?" aliuliza mshonaji.

"Nyumbani hatupo."

"Njooni basi." Kisha akacheka mwenyewe. "Chumba chetu chenyewe kimoja. Wote hao mtaangukia wapi?"

Daktari alimsindikiza mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi dirishani. Mshonaji alivuka ua akiwa amembeba mtoto. Langoni alisimama. Wifi hakumwambia neno. Yeye mwenyewe alimnyooshea mtoto soksi, akambusu utosini, akampa wifi, na ndipo akavuta hatua kutoka nje.

Hawajafika mbali, hofu ilimtoka daktari. Ilimtoka yote, akabaki mwepesi kama mtu aliyeamka na afya. Alipogeuka aliuona mkono wa mpasuaji umetulia mezani. Mwanasaikolojia alitaja kikombe, kiti, pazia, bila ya kukwama. Bibi wa ustawi wa jamii aliifungua shuka, akaikunja, asijue pa kuiweka.

"Kimetutoka," alisema sista.

"Kimetutoka," alisema daktari, na akakaa. Walijua kimekwenda kwa nani, na kwamba amekipata kizima, barabarani. Fundi alitoka kwenda kumwita mgonjwa anayefuata.

Mola awahifadhi waliobaki: walioko benchini wakingoja kuanguka mbele ya anayeandika, wanaopakatishwa watoto wao hali wameketi, na wale ambao miili yao imetulia kwa sababu taabu imerudi kwa mwenyewe. Awajaalie wote hao mtu wa kuwadaka. Amina.