Rangi Chini ya Taa

Majivu, waya wa kusugulia sufuria na kisu butu: ndivyo nilivyoishambulia taa ya baba Ijumaa ile, nimekaa kwenye kigoda kando ya bomba, hapa nyumbani Mkuyuni. Baba alikuwa gadi, msimamizi wa treni ya mizigo, na hii ilikuwa taa yake ya ishara, ya mafuta ya taa, kioo kimoja chekundu na kingine cha kijani. Tangu baba yangu, Shigela, afariki, ilikuwa imekaa juu ya kabati miaka kumi na mmoja. Masizi yalitoka, shaba ikaanza kuonekana. Chini, kwenye kitako, kulikuwa na rangi ya kijani iliyokauka kama ukoko wa ugali, imejaa mikwaruzo. Nikadhani ni michezo yetu ya utotoni. Nikaikwangua yote.

Nilikuwa na sababu, na mpaka leo naishikilia ingawa hainisaidii. Mgeni alikuwa anakuja kuiona. Mama yangu, Ng'washi, aliweza kumsamehe mtoto aliyedokoa mboga, lakini si yule aliyempa mgeni kikombe chenye doa. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huko Butimba, nina miaka hamsini na sita, na bado nasugua vyombo kwa kumwogopa mama, ambaye naye ni marehemu.

Mgeni aliitwa Mzee Elias Kahigwa. Alipiga simu kutoka Bukoba, akasema wastaafu wa reli wa Tabora wamemwelekeza kwangu, kwamba taa namba arobaini na saba iliishia kwa baba yangu. Alitaka kuiona tu. Kwa nini, hakusema; wazee wa namna yake hawamwagi mambo kwenye simu.

Jumamosi alifika na binti yake, Josepha, aliyemshika mkono mpaka kwenye kiti. Nilimwamkia, akaitikia, akanywa chai nusu kikombe. Taa ilikuwa chumbani, nimeifunika kanga, inang'aa. Nilikuwa najiona mjanja kwelikweli. Ndipo akaeleza.

"Baba yangu, Alexander Kahigwa, alikuwa gadi. Alifia safarini mimi nikiwa wa miezi saba, wakamzika huko huko porini. Picha hakuacha. Barua hakuacha. Lakini magadi wa zamani walikuwa na desturi, mwanangu. Ukikabidhiwa taa, unachukua msumari, unaandika jina lako chini yake, kwenye rangi. Kwa hiyo yuko pale. Macho yangu haya daktari ameyapa miezi tu. Nataka niuone mkono wa baba yangu, basi."

Nikautazama mlango wa chumbani.

"Taa iko kwa mdogo wangu Nathaniel, Kirumba," nikasema. "Njoo kesho baada ya misa, mzee."

Ningeweza kusema ukweli. Niliufuta mwandiko wake jana, mzee, nisamehe. Ilikuwa sentensi fupi, na mimi ndiye ninayewasimamisha watoto wa miaka sita mbele ya wenzao waseme makosa yao. Niliona aibu. Hakuna sababu nyingine, niliona aibu tu.

Walipoondoka nilitoa mkebe wa rangi iliyobaki tulipopaka geti. Kijani chake kilikuwa kikali mno, nikakichanganya na masizi. Nikapaka, nikaikausha juu ya jiko la mkaa, nikaipaka vumbi ionekane kuukuu. Kisha nikashika msumari. Nilitumia mkono wa kushoto, maana wa kulia unaandika kama ubao wa darasani. A. KAHIGWA. Mguu wa K uliteleza ukaenda chini mno, nikauacha hivyo. Nikaongeza majina mawili ya kubuni, na mwisho nikaanza kuandika Shigela. Hapo nikakwama. Baba alitia saini ripoti zangu zote za shule, na sikuikumbuka S yake ilivyokuwa. Mwandiko wake nao nilikuwa nimeukwangua kwa kisu. Nililia, nikaandika vyovyote.

Jumapili Mzee Kahigwa aliiinua taa mpaka karibu na pua. Alitazama muda mrefu, kisha akaacha kutumia macho, akapitisha kidole gumba. Alifika kwenye K, akairudia, akairudia tena.

"Kumbe alikuwa na haraka," akasema.

Akalia bila kujificha. Na mimi nililia, naye akanipigapiga begani akidhani tunalilia kitu kimoja. Nikamwambia aichukue. Alikataa mara mbili, akisema ni ya baba yangu, nikamlazimisha. Ukweli ni kwamba sikutaka kulala nayo nyumba moja. Akaipokea kwa mikono miwili.

Josepha alibaki nyuma kidogo. Akalitazama geti letu, akazitazama kucha zangu zilizobaki na kijani.

"Mwalimu," akasema polepole, "rangi hiyo inatoka kwa mafuta ya taa."

Hakungoja jibu. Alimfuata baba yake akamshika mkono, na tangu siku ile sijui kama alinikemea au alinifichia siri.

Imepita miaka miwili. Mwezi uliopita nililetewa kadi ya mwaliko: misa ya kumbukumbu ya marehemu Alexander Kahigwa, na taa yake itawekwa mbele ya altare. Ndani Josepha alikuwa ameandika mistari michache. Baba haoni tena. Saini yake ya zamani ameiacha. Alijifunza ile ya kwenye taa kwa kidole, na hata benki amekwenda kuibadilisha, makarani wakamcheka. Kadi hii ametaka aitie saini mwenyewe.

Nikaangalia chini. Kahigwa, kwa wino wa bluu, na mguu wa K umeteleza ukaenda chini mno.

Niliilaza kadi kifudifudi mezani, nikaenda kufundisha.