Kiapo cha Bartolomayo

Siku Bartolomayo alipoweka mkono juu ya Biblia mbele ya baraza la kata, akaapa kwamba shamba la zabibu la kando ya korongo ni la mdogo wake Abeli tangu enzi za baba yao, hakuna aliyethubutu kumpinga. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyewafundisha watoto amri za Mungu hadi wakazishika kwa moyo. Zipora, mjane aliyeipanda mizabibu ile kwa mikono yake, alimtazama tu, akajifunga kanga, akaenda zake.

Bartolomayo alijituliza kwamba ndugu ni ndugu. Lakini kijiji kilijua ukweli. Watu waliendelea kumpa shikamoo, ila akisimama kuomba kanisani, wengine walifumbua macho wakamtazama.

Kiangazi kilipokolea, ng'ombe wa wafugaji wa ng'ambo ya korongo wakaibiwa asubuhi kweupe. Mtu akasema amemwona kijana wa shati la bluu akiwaswaga, na Lameck, mwana wa pekee wa Bartolomayo, alikuwa ameingia mnadani mchana ule amevaa shati la bluu. Baba mtu alipofika mnadani mbio, alimkuta kijana amepigishwa magoti vumbini, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, wanaume wamemzunguka na fimbo. Petroli ilikwishaagizwa.

Aliwaambia kwamba tangu alfajiri hadi adhuhuri walikuwa wote wawili shambani kwake, wakipogoa mizabibu. Ilikuwa kweli tupu.

"Unaapa?" akauliza mwenye ng'ombe.

"Naapa."

"Hata kwa shamba la Zipora uliapa."

Bartolomayo akawageukia majirani zake. Wakatazama chini. Abeli naye alikuwepo, nyuma ya watu; macho yao yalipokutana akajipenyeza akatoweka. Ndipo Bartolomayo akamwona Zipora kati ya wanawake. Asubuhi ile alikuwa akichota maji jirani na shamba la Bartolomayo; alikuwa amewaona, baba na mwana. Naye alikuwa kimya.

Dumu likafika. Harufu ya petroli ikampanda Bartolomayo kichwani.

"Lile shamba ni la Zipora," alisema, na sauti haikuwa yake. "Nililiapia uongo. Kama ni adhabu, nipeni mimi."

Wanaume wakasitasita. Zipora akapita katikati yao taratibu, akasimama mbele ya kijana.

"Huyu nimemwona shambani na baba yake asubuhi yote. Mwacheni."

Kila mmoja alijua kwamba mama yule hakuwa na sababu ya kusema uongo kuitetea nyumba ile. Fimbo zikashuka moja moja.

Bartolomayo alimfuata kumshukuru. Zipora hakupunguza mwendo.

"Hata ungenyamaza, Baba Lameck, nisingemwacha afe," alisema. "Nilikuwa natafuta ujasiri tu."

Shamba likarudi kwa mwenyewe. Abeli hakukanyaga tena kwa kaka yake, na kanisa likamvua Bartolomayo uzee. Hayo aliyabeba. Lililomshinda ni jicho la Lameck, ambalo halikuona tena.

Kijana hakumlaumu. Siku moja tu, wakiwa kwenye mizabibu yao, aliuliza bila kugeuka:

"Baba, ulipokuwa unaapa, ulijua ni uongo?"

"Nilijua, mwanangu."

Lameck akaendelea kupogoa.