Haliwi Huyo

Consolata aliolewa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, akitokea milimani, Lushoto, na samaki pekee aliyemjua vizuri alikuwa dagaa mkavu wa gulioni. Mumewe, Eliudi, alikuwa mkata mkonge, naye mtu wa kuja. Majirani walikuwa wema, ila walicheka. Siku alipopika kisamvu bila tui, Tausi wa nyumba ya pili alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamletea nazi. Nazi aliipokea, kicheko hakukisahau. Tangu hapo, asichokijua aliiuliza simu. Programu ya maswali iliyokuwamo ilimjibu kwa Kiswahili safi, ikimwita kwa jina, na hata akirudia swali lilelile haikumcheka.

Jumamosi moja mchana Eliudi alirudi kutoka kazini kwa njia ya pwani na samaki wawili wanene, wenye madoadoa, aliowaokota mchangani wavuvi wanapochambulia nyavu.

"Wamewatupa hivihivi," alisema. "Watu wa huku wameshiba."

Consolata alikuwa akiwachuna uani Tausi alipopita na ndoo kichwani.

"Wee mwenzangu, huyo bunju. Haliwi huyo."

"Kwa nini?"

"Haliwi tu. Sisi tangu zamani hatumli." Akaendelea na safari yake.

Consolata alijua viko vitu majirani zake hawali kwa dini yao, vingine yeye kavila tangu utotoni. Akadhani ndiyo hayo. Hata hivyo alimpiga picha yule ambaye hajachunwa, akauliza. Jibu likaja kabla hajafuta mikono: huyo ni chewa mchanga, mwondoe ngozi, na ini lake ni tamu likikaangwa.

Akakaanga. Ini lote akamwekea mumewe, yeye akabaki jikoni anasonga ugali.

"Pilipili hii umetoa wapi?" Eliudi aliita.

"Sijatia pilipili."

"Mbona midomo inakufa ganzi?"

Kikombe kikamponyoka Eliudi mkononi. Consolata akaiuliza simu. *Pole sana, Consolata. Mara nyingi huo ni mzio mdogo. Mpe maji, apumzike.*

Akamlaza mkekani, akamnywesha. Maji yakatoka pembeni ya mdomo. Akauliza tena haraka, herufi zikipotea. Simu ikamwelewa vilevile, ikamshauri avute pumzi, atulie. Ilikuwa na uhakika mno. Kitu kisichobabaika namna ile kitakoseaje? Akangoja. Eliudi hakuweza tena kuinua mkono. Macho tu ndiyo yalikuwa wazi, yamemkazia.

Hapo akapiga ukelele.

Tausi aliingia mbio, akaiona ngozi kwenye karai. "Mmemla! Sumu ile, Consolata!"

"Hukusema sumu! Ulisema haliwi!"

"Sasa kuna asiyemjua bunju?" Tausi naye alikuwa analia. Alikuwa ameshatoka nje, anamwita Uweso, kaka yake, mwenye gari la kubebea samaki.

Wakampakia nyuma, juu ya magunia. Tausi alikishika kichwa cha Eliudi, ulimi usimzibe koo. Kifua kilikuwa hakipandi vizuri. Barabara ya Tanga ilikuwa haiishi. Consolata, asijue mikono aiweke wapi, akaandika tena: bunju ana sumu?

*Uko sahihi kabisa, Consolata. Bunju ana sumu kali na hafai kuliwa. Samahani kwa mkanganyiko. Je, ungependa mapishi ya samaki mwingine?*

Kwa upole uleule. Akalia kwa sauti.

"Acha hiyo simu, mshike mumeo!" Tausi alifoka.

Hospitali walimwekea mashine ya kupumulia. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti. Consolata alilala sakafuni chini ya kitanda cha mumewe, akisali, akikatisha sala ili asikilize kama mashine bado inavuma.

Hatimaye Eliudi aliondolewa mpira wa mashine kooni. Kisha akasema, sauti imekwaruza, "Akili haikunipotea hata mara moja. Nilikuwa nasikia yote. Nilikuwa nakuita kwa macho, na wewe unaangalia simu."

"Nilikuwa natafuta msaada, baba."

"Mlango ulikuwa wazi. Tausi yuko hapo ng'ambo ya ua."

 Jioni Consolata akamletea uji, akaupuliza, akasogeza kijiko. Eliudi aliutazama, asifungue mdomo.

"Kaupika nani?" akauliza.